Waturi, Gredi na Nyumba za Tegesha

Fundi wa kwanza wa nchi hii hakuruhusiwa kuoa kwetu. Nikisema kwetu nina maana ya Ukuria pamoja na majirani zetu wa upande wa Serengeti: Wangoreme, Waikoma, Wanata, hadi Waikizu. Mhunzi ndiye aliyefua mkuki wa kumlinda ng'ombe na kisu cha kumchinja. Ndiye aliyenoa jembe la kulimia wimbi, na bangili za chuma alizovaa bibi arusi zilitoka mkononi mwake. Lakini binti wa kwetu hakuolewa katika nyumba ya Waturi, ukoo wa wahunzi, wala kijana wao hakuja kuposa kwetu. Ukimuuliza mzee sababu, alikuwa anakohoa kidogo, anasema balaa litaingia bomani, kisha anauliza habari za mvua.

Nimefundisha ufundi wa vyuma mjini Tarime kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa nimestaafu. Kila kiongozi anapopanda jukwaani kulalamika kwamba vijana wa Mara wanavikimbia vyuo vya ufundi, mimi huwa narudi nyuma hadi kwa hao Waturi. Watu wanadhani jambo hili lilianza na VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya siku hizi. Halikuanza na VETA.

Waturi hawakuwa maskini. Chuma chenyewe hakikuyeyushwa kwetu kwa wingi. Kilikuja kutoka upande wa Geita, kwa Warongo, mabingwa wa tanuri, kikapitia Usukumani mara nyingi kikiwa tayari katika umbo la jembe. Mturi alikipasha moto upya na kukigeuza kile alichoagizwa. Fuawe yake ilikuwa jiwe gumu, mivukuto yake ngozi ya mbuzi, na mtoto wake alianza kujifunza kwa kuvukuta tangu akiwa mdogo, kabla hajaaminiwa nyundo. Malipo yalikuwa mbuzi au nafaka. Ng'ombe alilipwa kwa kazi kubwa tu. Mtoto wa mfugaji hakukaribishwa pale kibandani, na hata angekaribishwa baba yake asingekubali. Elimu ilikaa ndani ya damu. Wamasai nao wana wahunzi wao, Ilkunono, waliotengwa vivyo hivyo, kwa hiyo si sisi peke yetu. Mawazo yangu mimi ni kwamba watu waliomtegemea mno mtu mmoja kwa silaha zao waliona afadhali wamweke mbali kidogo na mifugo na mabinti, asije akawa mtawala wao.

Wajerumani walipoweka boma lao Shirati, na ngome ya mawe Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, ujenzi wa kuta ndefu zilizonyooka ulikuja nao. Shule yao ya Tanga, iliyofunguliwa 1892, ilikuwa na sehemu ya mafunzo ya kazi za mikono, lakini Tanga kwa mtu wa Tarime wa wakati ule ilikuwa sawa na mwezini. Ufundi wa kizungu ulitufikia kwa njia nyingine, ya wamisheni. Wamenonaiti kutoka Marekani walianza Shirati mwaka 1934, wakasogea Bukiroba karibu na Musoma, na kufikia 1940 walikuwa Nyabasi, katikati ya Ukuria. Misheni ilihitaji milango, madirisha, mabenchi ya kanisani na vitanda vya wagonjwa. Baba yangu aliingia pale kama mtoto wa kuchota maji, akatoka akijua kutumia randa na patasi.

Hapa kuna jambo ambalo nililielewa nikiwa mtu mzima. Useremala ulipokelewa kwa urahisi kuliko chuma kwa sababu mbao hazikuwa na wenyewe. Hakukuwa na ukoo wa maseremala ambao mtu angeogopa kuoana nao. Mtoto wa Mturi na mtoto wa mwenye zizi la ng'ombe mia walikaa benchi moja, wakapewa msumeno mmoja, na hakuna mgaka, yaani mzee wa kwetu, aliyesimama kulaani. Baba alikuwa akisema mwenzake wa msumeno alikuwa mtoto wa Waturi, na kwamba yule alijua kunoa patasi kabla hajafundishwa na mtu.

Lakini heshima haikuja pamoja na randa. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki ikashauri Mwafrika apewe elimu inayofanana na maisha yake ya kijijini: kilimo, kazi za mikono, usafi wa nyumba. Waingereza waliupenda ushauri huo. Wazee wetu hawakuwa wajinga; waliona kwamba mzungu hampeleki mtoto wake kujifunza uashi. Waliona pia kwamba karani wa boma anakaa kivulini, anavaa viatu, na mshahara wake unamfikia bila kutoa jasho. Kwa hiyo tulipata dharau ya pili juu ya ile ya kwanza. Zamani fundi alikuwa mtu wa damu nyingine. Sasa akawa mtu aliyekosa ukarani.

Vita Kuu ya Pili ilichanganya mambo kidogo. Wakuria waliingia KAR, jeshi la mkoloni, kwa wingi, na waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 hawakuleta medali tu. Baadhi walikuwa wameshika usukani wa malori na kufungua injini kwenye matope. Dereva wa miaka ile alikuwa bwana. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, alizungumza Kiswahili cha kambini, na akipita sokoni wanawake waligeuka. Huyo ndiye fundi wa kwanza ninayemkumbuka katika simulizi za nyumbani aliyeoa popote alipotaka. Nadhani sababu ni kwamba injini ilikuja ikiwa imevaa sare ya jeshi, na kwetu jeshi ni jambo linaloeleweka.

Kisha ikaja Ifunda. Kule Iringa palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland wakati wa vita. Walipoondoka, majengo yakageuzwa shule ya ufundi, ikafunguliwa 1951. Ya pili ilifunguliwa Moshi mwaka 1957, mwaka ule ule Dar es Salaam ikapata taasisi yake ya ufundi, ambayo leo ndiyo DIT. Mtoto wa Tarime aliyechaguliwa Ifunda alipanda meli Musoma hadi Mwanza, akapanda treni hadi Dodoma, akamalizia na basi la vumbi kwenda Iringa. Walikuwa wachache. Walirudi na kitu ambacho hakuna mtu kwetu alikuwa amekiona: karatasi inayosema mkono wako una thamani gani. Gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Mwenye gredi ya kwanza alilipwa na Idara ya Ujenzi kama mtu, na akifika kijijini mikono yake ikiwa na mafuta ya grisi, watu walisema "ana gredi", hawakusema "mchafu".

Mimi ni mtoto wa Azimio la Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji wetu wa mkoa, ikaamua kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na kwamba elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe ngazi tu ya kwendea sekondari. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasema hivyo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Baada ya Azimio, vilianzishwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari: miaka miwili ya useremala, uashi, uhunzi, ushonaji na sayansikimu. Mwaka 1975 vikaja pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano wa Sweden na kwa fedha za Sweden, na Tarime ikapata chake.

Nilimaliza la saba mwaka 1977. Jina langu halikutoka kwenye orodha ya sekondari. Baba, ambaye alikula kwa randa maisha yake yote, alikaa siku nzima bila kusema, halafu akasema, "Mura, basi utakuwa kama mimi," kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Kituo nilichopelekwa kilikuwa na darasa moja la tofali za kuchoma na karakana ya miti na bati. Serikali ilileta vaisi nne nzito za kijani, imara kabisa. Moja bado ninajua ilipo. Lakini vaisi bila tupa ni chuma cha kuegemea tu. Tupa hazikuwepo, misumeno ya chuma haikuwepo, na vijiti vya kuchomelea tulivisoma ubaoni. Mwaka ule wa 1977 mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa Februari, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa Tarime ilikuwa kama kufungiwa mlango wa jikoni, maana Sirari na Isebania ni soko moja lenye mstari katikati. Mwaka uliofuata likaja jeshi la Amin kule Kagera, na vijana wetu wakaondoka kwa malori kwenda mstari wa mbele, kaka yangu mmoja wao. Fedha ya nchi ikaenda vitani. Tupa zikawa ndoto.

Tulizipata kwa magendo, na ninalisema bila aibu kwa kuwa waliohusika wengi wametangulia. Mama mmoja aliyekuwa akivuka kuuza ndizi Isebania alirudi na tupa zimefungwa ndani ya majani ya migomba, mbili mbapa na moja ya duara. Mwalimu wetu alilipa kwa mahindi ya shamba la kituo. Katika hesabu za kituo yaliandikwa kuwa yameliwa na panya. Mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983, nusu ya zana za mikono za wilaya ile zilikuwa zimepita njia za mbuzi usiku, na katika kampeni ya wahujumu uchumi ya mwaka huo huo watu walizika spana chini ya vihenge.

Mwalimu yule alifanya jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko mitaala yote niliyopitia baadaye. Alikwenda upande wa Ngoreme akamleta mzee wa Kituri. Mzee alifika na mivukuto yake begani, akaomba springi chakavu ya lori la Bedford, na mbele ya macho yetu akaikata kwa moto, akaipiga, akaizamisha kwenye maji, akaitoa, akaitazama rangi inavyotembea kutoka njano hadi samawati, akaizamisha tena. Ilikuwa tindo. Ilikata bamba la chuma kama la dukani. Mwalimu alituandikia ubaoni maneno ya kitabuni, kukaza chuma na kulegeza chuma, na halijoto kwa digrii. Mzee hakujua digrii. Alijua rangi.

Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba watoto wao wanakalishwa na Mturi. Mwalimu aliwauliza kama wanataka kuwanunulia watoto tindo. Hawakurudi. Plau ya ng'ombe ilikuwa imeenea Ukuria tangu enzi za Waingereza, na zile za kiwanda cha UFI cha Ubungo zilifika kwa foleni na kibali, kwa hiyo kabla muhula haujaisha wazazi hao hao walileta ncha za plau zilizochakaa ziongezwe chuma. Mzee alizifanya zote, akalipwa kuku. Kwenye orodha ya walimu hakuandikwa. Mtu asiye na cheti hawezi kulipwa na serikali, ndivyo mkaguzi wa elimu alivyosema, na alikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni.

Ndipo nilipoanza kuona mchezo wote. Kwa kizazi cha babu yangu mlango wa ufundi ulilindwa na ukoo: usipozaliwa ndani, huingii. Kwa kizazi changu ulilindwa na karatasi, na wa kwanza kuachwa nje alikuwa yule yule aliyekuwa amezaliwa ndani.

Karatasi yangu niliipata Mwanza, gredi ya tatu, chini ya mfumo uliotokana na sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya 1974. Mtihani ulikuwa wa haki kuliko mitihani mingi niliyoiona. Ulipewa mchoro, kipande cha chuma na saa zako, na mtahini alikuja na kipimo chake cha nusu milimita. Hakuuliza umesoma wapi. Gredi zilizofuata nilizipata nikiwa kazini, karakana moja hadi nyingine, hadi nikaitwa kufundisha.

VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na baada yake, mwaka 1997, likaja baraza la elimu ya ufundi, NACTE, ambalo sasa linaitwa NACTVET. Gredi zikaondolewa pole pole, zikaja ngazi za umahiri. Nimekaa kwenye semina nyingi za mabadiliko hayo, nimekunywa chai yake, na sina ugomvi nayo. Ila neno gredi lilikuwa limeshaingia vijijini. Bibi wa Muriba alijua gredi ya kwanza ni nani. Ngazi hakuna anayeijua. Mpaka leo mkandarasi akija kutafuta fundi sokoni Tarime anauliza, "Una gredi ngapi?"

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, kule Nyamongo. Wamiliki wamebadilika tangu hapo: Afrika Mashariki, Placer Dome, Barrick, Acacia, kisha Barrick tena, na tangu kuundwa kwa kampuni ya Twiga serikali ina asilimia 16. Kabla yao walikuwepo wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo, na hao walikuwa wateja wazuri wa mafundi wa Tarime. Karasha la kusagia mawe ni pipa la chuma nene linalozunguka na gololi ndani. Kijana aliyejua kuviringisha bamba na kuchomelea mshono usiovuja hakukaa bure. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga chuo. Walijifunza kwa kuwa saidia fundi, kushika, kutazama, kuungua.

Mgodi mkubwa uliuliza karatasi, na uliiuliza kwa Kiingereza. Malori ya tani mia moja hayafungwi na mtu aliyejifunza kwenye Bedford, hilo nalikubali. Mwaka 2009 makampuni ya madini na VETA walianzisha mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini katika chuo cha VETA Moshi, kazi nzuri kwa kweli, yenye mashine halisi na nidhamu ya usalama ambayo sisi hatukuwahi kuwa nayo. Lakini fikiria jiografia yake. Mtoto aliyezaliwa anaona ukuta wa shimo la Nyabirama kutoka mlangoni kwao alitakiwa kwenda Kilimanjaro, awe na ufaulu mzuri wa hisabati na Kiingereza wa kidato cha nne, ashindane na nchi nzima, ndipo arudi kufunga bolti nyumbani. Baadhi walifanya hivyo. Uchimbaji wa Gokona ulipoingia chini ya ardhi mwaka 2015, nilifurahi kusikia wapo vijana wa Ingwe na Nyamwaga waliokuwa wakishuka kama mafundi, si kama vibarua wa kufyeka nyasi.

Wengine walijenga tegesha. Msomaji asiyetoka Nyamongo huenda hajui. Ilipofahamika kwamba mgodi utapanuka na wenye maeneo watalipwa fidia, watu walianza kujenga nyumba za kuhesabiwa. Si za kulala. Kiwanja ambacho juzi kilikuwa shamba la mihogo, leo kina nyumba saba, kesho kumi na mbili, zimebanana, kuta za tofali moja, udongo badala ya saruji, bati jembamba linalolia upepo ukipita. Milango ilikuwepo kwa sababu mthamini angeuliza mlango. Choo kilikuwepo bila shimo. Miti ya matunda ilipandwa kama mchicha.

Na mafundi walilipwa! Sijawahi kuona kipindi ambacho mwashi wa Tarime alitafutwa hivyo. Wanafunzi wangu wa jirani, darasa la uashi, waliacha masomo katikati ya muhula. Nilimfuata mmoja, kijana mwenye jicho zuri la kunyoosha ukuta, nikamkuta juu ya jukwaa la miti ameweka timazi mfukoni. Nikamuuliza mbona haitumii. Akanijibu kwa heshima zote, "Mwalimu shikamoo, hii nyumba ikinyooka nachelewa." Alikuwa analipwa kwa idadi ya vyumba. Sikuwa na la kumwambia, maana ada yake ya muhula mzima aliipata kwa wiki moja ya kujenga vibaya. Serikali ilikuja kutamka kwamba tegesha hazilipwi, na watu waliokopa kuzijenga wakabaki na mabati yao. Baadhi ya waashi wale hawakurudi kwenye timazi tena. Chuo kinaweza kumfundisha mtu kazi. Hakiwezi kushindana na soko linalonunua kazi mbaya kwa bei ya juu. Katika historia yote hii ya ufundi wa Tarime, mimi naona tegesha ndiyo pigo lililoumiza zaidi, zaidi hata ya miaka ya kukosa tupa. Kukosa tupa kulitufanya tuwe wajanja.

Upande wa Serengeti mambo yalikwenda njia nyingine, ingawa mlango ni ule ule. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951, Waikoma na Wanata, watu wa upinde na mishale ya sumu, waliojua kusoma unyayo wa nyumbu wa jana na wa leo, waligeuka kisheria kuwa majangili. Ujuzi wao haukuwa na chuo. Chuo kilikuja 1963 kule Mweka, Kilimanjaro, kufundisha menejimenti ya wanyamapori, na Pasiansi ya Mwanza ikaanza 1966 kutoa askari wa wanyamapori. Mjukuu wa mwindaji wa Robanda akitaka kulipwa kwa kujua alichojua babu yake, sharti akisome upya kwa majina ya Kilatini. Wapo waliofanya hivyo na wamekuwa mabwana wakubwa. Siku hizi Mugumu vijana wanatafuta upishi, mapokezi, udereva wa kuongoza watalii na ufundi wa Land Cruiser, kwa sababu hoteli ziko karibu na zinaajiri. Nawapa haki yao. Mpishi aliyefunzwa vizuri analala na kuamka akiwa na kazi, na hakuna mzee anayemuuliza ukoo.

Wasichana walichelewa kuingia karakana yangu. Mwanafunzi wa kwanza wa kike wa uchomeleaji niliyekuwa naye alilipiwa ada na bibi wa nyumba ntobhu, mjane aliyetoa ng'ombe zake kuoa mke ili apate wajukuu. Bibi yule alisema wazi: hana mtoto wa kiume wa kumtengenezea geti, kwa hiyo atamsomesha huyu. Baada yake walikuja wengine, baadhi wakitoka kwenye vituo vya kuhifadhi mabinti waliokimbia ukeketaji, kama kile cha Masanga na nyumba salama iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014. Desemba ya msimu wa tohara hosteli za vyuo zina maana nyingine kabisa. Msichana anayesema "nina mtihani" anajitetea kwa zaidi ya mtihani. Wengi wanapelekwa cherehani. Mimi nimekuwa nikibishana na walezi wao kwamba mji mzima una cherehani, na mageti yote ya Tarime yanatengenezwa na wanaume wasiojua kupima pembe mraba.

Sasa kuna kitu kinaitwa urasimishaji wa ujuzi. Fundi wa mtaani, asiyesoma chuo, anapimwa kazi yake, anafundishwa anapopungukiwa, anapewa cheti. Nimeitwa mara kadhaa kusaidia kupima. Fundi mmoja wa Sirari, mtu mzima kuliko wapimaji wote, alipewa fomu na kijana mwenye miwani aliyemuuliza ataje aina za maungio. Alitazama ile karatasi muda mrefu, akauliza kama anaweza kuchomelea kwanza halafu yeye kijana ndiye ataje. Akavuta miwani ya kinga, akapiga mshono wa wima kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo wahitimu wengi hulikwepa, magamba ya mshono yamelala sawa kama yamepangwa na mashine. Tulimpitisha. Nilipomuuliza alijifunza kwa nani alinitajia ukoo wake, na nilikuwa nimeshakisia. Mwanawe wa kwanza ameoa Nyabasi, kwa ng'ombe zilizolipwa zote.

Huko shuleni nako umekuja mkondo wa amali, mtoto aanze ufundi tangu sekondari. Nausubiri nione kama utaleta tupa.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, daraja la nne. Alikuja Jumapili na fomu mbili, moja ya uchomeleaji na uundaji vyuma, nyingine ya menejimenti ya rasilimali watu. Akaniamkia, akakaa, akasema, "Mjomba, mama anasema menejimenti ina ofisi." Nikamuuliza rasilimali watu ni nini. Akasema ni kusimamia watu. Nikamuuliza watu gani. Hakujibu, akaichezea kalamu. Sina chuki na menejimenti; nimefanya kazi chini ya wasimamizi wabovu kiasi cha kujua kwamba usimamizi mzuri ni ufundi nao, na vyuo vingekuwa na maana kama vingemfundisha mwenye karakana kutunza daftari la wadeni. Lakini dada yangu hatafuti hilo. Dada yangu anatafuta kivuli na viatu, kama mzee aliyemtazama karani wa boma mwaka 1924, na simlaumu, kwa sababu baba yetu alimpa pole mwanawe badala ya kumpa mkono.

Nimemwambia kijana ada ya uchomeleaji nitalipa mimi, pamoja na ovaroli na miwani ya kinga. Ya menejimenti akaongee na mama yake. Amekwenda na fomu zote mbili.